Utoro: Neno la Njia ya Ujiji Katika Daftari la Shule



Ukivifungua vitabu vya takwimu za elimu ambavyo Serikali ya Tanzania huvitoa mwaka hadi mwaka, utakuta mahali palipoandikwa idadi ya wanafunzi wa sekondari walioacha masomo, na kando yake sababu zilizowaachisha. Sababu zenyewe ni chache: utoro, mimba, kukosa mahitaji, maradhi, kifo, utovu wa nidhamu. Katika hizo, utoro ndio unaobeba sehemu kubwa kabisa, na hizo nyingine huufuata kwa mbali.

Mimi nimesomesha chuoni hapa Ujiji kwa miaka mingi, na watoto wanaonijia na juzuu zao ndio hao hao wanaoitwa majina shuleni asubuhi. Kila nikilikuta neno hilo la utoro hujiuliza, hii ni sababu gani? Mtu akikuuliza fulani kafa kwa nini, ukamjibu kuwa kafa kwa sababu ya mauti, je, utakuwa umemjibu? Utoro ni kule kutoweka kwenyewe. Lililomtowesha mtoto halijaandikwa popote, na maadamu halikuandikwa hapana atakayelitafutia dawa.

Na sisi watu wa Ujiji tulipaswa kuwa wa kwanza kulishuku neno hili, kwa kuwa tunalijua tangu zamani. Limepita katika njia yetu kabla ya shule yoyote kujengwa.

Wewe unayesoma makala haya huko Tanga, Mombasa, Bagamoyo au Unguja, ukija Ujiji hutajiona mgeni. Utasikia adhana ile ile, utawaona wazee wa kanzu barazani jioni, utasikia Kiswahili ambacho bibi yako angekielewa bila ya kuuliza. Hii ni pwani isiyo na chumvi. Waliotuletea hayo ni watu wa misafara waliokata nchi kutoka Bagamoyo, wakapita Tabora, wakapita kwenye chumvi ya Uvinza, wakateremka ziwani. Burton na Speke walipofika hapa mwezi wa Februari 1858 waliwakuta wafanyabiashara wa Pwani wamekwishatangulia. Livingstone aliingia mwaka 1869, na Stanley akamkuta hapa Novemba 1871. Wakati huo mkubwa wa Waswahili wa Ujiji alikuwa Mwinyi Kheri, na baada yake likavuma jina la Muhammad bin Khalfan al-Barwani, ambaye watu walimwita Rumaliza.

Basi katika misafara ile, na khasa ile ya Wazungu walioandika safari zao vitabuni, hapana lalamiko lililorudiwa kama la wapagazi kutoroka. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 au zaidi kichwani au begani, akapewa sehemu ya ujira wake kabla ya kuondoka, na baada ya siku chache asubuhi ilipopambazuka mzigo ulikutwa chini, mwenyewe hayupo. Mkubwa wa msafara aliandika katika kitabu chake kwamba watu hawa ni wavivu na wahaini. Stanley aliwapiga viboko waliokamatwa, na wengine akawafunga minyororo. Lakini ukiyasoma maelezo yao hao hao kwa makini utaona kwamba mwaka ule wa 1871 njia ya Tabora ilikuwa imezibwa na vita vya Mirambo, kwamba ndui na kuhara viliingia makambini, kwamba posho ilikatwa. Mpagazi aliyatia hayo yote katika mizani akaona uhai wake ni bora kuliko nguo alizoahidiwa. Hayo mkubwa wa msafara hakuyaita sababu. Aliyaita utoro.

Na huko kwenu Pwani neno hilo lilikuwa zito zaidi. Mtoro alikuwa ni mtumwa aliyemkimbia bwana wake. Katika bara ya pwani ya Kenya kulikuwa na vijiji vizima vya watoro, na maarufu zaidi ni Fuladoyo. Mwaka 1889 watoro wapatao 1,400 waliokuwa wamekimbilia katika misheni ya Rabai walilipiwa fedha kwa mabwana zao ili wapewa hati za uhuru. Hati ile ilipoandikwa, yule aliyekuwa mtoro jana akawa mtu. Ajabu ya maneno ni hiyo: aliyebadilika hakuwa yeye.

Wakaja Wajerumani, na reli ya kati waliyoianza Dar es Salaam mwaka 1905 ikatia kichwa chake Kigoma mwaka 1914. Mzigo wa mpagazi ukapanda behewa. Vita vikaja, Wabelgiji wakaikalia Kigoma na Ujiji tangu 1916, kisha Waingereza wakapewa. Waingereza hawakutaka kuifanya nchi ya Waha iwe nchi ya mazao ya biashara. Waliiacha iwe ghala la watu. Vijana wa Kasulu, Kibondo na kandokando ya ziwa waliandikishwa wakatiwa katika garimoshi, wakapelekwa kukata katani Tanga na Morogoro. Hao ndio manamba. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya kuandikisha watu, iliyojulikana kama SILABU, na Kigoma ikawa miongoni mwa visima vyake vikubwa. Manamba alipewa kipande chenye siku 30 za kazi, na hakuzihesabu siku zilizopita bali zile alizomaliza kazi aliyopimiwa. Na aliyeondoka kabla ya mkataba kwisha alikuwa ni mtoro kwa mujibu wa sheria: sheria ya mabwana na watumishi ya mwaka 1923 ilimfanya mkosaji wa kutozwa faini au kufungwa jela.

Nimekaa sana juu ya mambo haya ya kale kwa makusudi. Tazama, ndugu yangu, katika miaka mia na ushei neno hili limetumiwa kwa mpagazi, kwa mtumwa na kwa manamba, na mara zote tatu aliyelitumia alikuwa ni mwenye mzigo, wala si mwenye kuubeba. Leo limeandikwa mbele ya jina la mtoto wa miaka 15 wa kidato cha pili. Mimi sisemi kwamba shule ni utumwa. Anayesema hivyo hajui utumwa wala hajui shule. Nasema tu kwamba neno lenye historia kama hii halifai kuwa mwisho wa uchunguzi.

Sasa wako wenzetu watakaosema: sisi Waislamu wa Ujiji tuliachwa nyuma katika elimu na wakoloni, basi usitulaumu. Hili lina ukweli wake, na tuuseme kwa ukamilifu wake ili tusiutumie zaidi ya kipimo. Wamisionari wa London waliingia Ujiji mwaka 1878, na Mapadri Weupe wakafuata mwanzoni mwa 1879. Hawakukaa sana mjini, wakatafuta mahali pengine kandokando ya ziwa. Katika zama za Wajerumani mtu wa chuoni aliyejua kusoma na kuandika aliweza kuwa karani au akida, kwani shule za serikali, kama ile ya Tanga iliyoanzishwa katika miaka ya mwanzo ya 1890, hazikuwa za dini na zilisomesha kwa Kiswahili. Waingereza walipoanza katika miaka ya 1920 kuzipa shule za misheni ruzuku, chuo cha Qur'ani hakikuhesabiwa kuwa ni shule. Mzee aliyekhitimu, anayesoma Kiarabu na kuandika barua kwa khati nzuri, aliandikwa kuwa hajui kusoma. Na mwanawe akitaka shule, mlango uliokuwa wazi ulikuwa ni wa misheni, na mzazi alikhofia kuwa mtoto atarudi na jina jingine. Khofu ile haikuwa ya kipumbavu.

Lakini mlango ule ulibadilishwa. Jumuiya ya Waislamu wa Afrika Mashariki iliyoundwa mwaka 1945 kwa juhudi ya Aga Khan ilijenga shule na misikiti mpaka ilipopigwa marufuku hapa Tanzania mwaka 1968. Kisha mwaka 1969 na 1970 Serikali ikazitwaa shule za madhehebu, zikawa za watoto wote. Tangu hapo hoja ya babu zetu imekufa kwa heshima yake, na anayeifufua leo ili amzuilie mwanawe asisome hesabu anamdhulumu babu na mjukuu pamoja.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui ni kwamba zamani kuacha sekondari kulikuwa nadra. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 wanafunzi wa sekondari katika nchi nzima walikuwa 11,832. Kijana aliyechaguliwa alikuwa kama aliyeokotwa baharini. Ada ilifutwa mwaka 1964, wengi walilala bwenini, walikula chakula cha Serikali, na kutoka Kigoma walisafirishwa kwa garimoshi. Nani angelitoroka hapo? Azimio la Musoma la 1974 likaharakisha elimu ya msingi kwa kila mtoto, na mwaka 1977 shule za msingi zikajaa, lakini mlango wa sekondari ulibaki mwembamba kama tundu la sindano. Katikati ya miaka ya 1980 ada ikarudi.

Kisha mlango ukafunguliwa kwa ghafla. Kwa mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004, kila kata ikatakiwa ijenge shule yake. Mwaka huo wa 2004 wanafunzi wa sekondari walikuwa 432,599. Mwaka 2010 walikuwa 1,638,699. Hili ni jambo kubwa, wala simuungi mkono anayelibeza. Watoto wa wavuvi wa Kigoma wameingia sekondari kwa mamia katika vijiji ambavyo wazee wao hawakupata kumwona mwanafunzi wa sekondari ila yule aliyekuja likizo. Lakini pamoja na jina la sekondari, kile kilichomshika mwanafunzi wa zamani asitoroke, yaani kitanda na sahani, hakikuja. Shule ya kata ni ya kutwa. Mtoto anatoka nyumbani alfajiri, pengine anatembea saa nzima na zaidi, anakaa mpaka alasiri na tumbo tupu, anarudi jua linapozama na kazi za nyumbani zinamngoja. Wanaotoka mbali hupanga chumba karibu na shule, wenyewe wakakiita geto, wakajipikia na kujilea. Mzazi mwenzangu, wewe ungempangishia binti yako wa miaka 14 chumba peke yake katika mji asiokuwa na jamaa? Basi wako waliolazimika.

Ada ya shule za kutwa, shilingi 20,000 kwa mwaka, ilifutwa tangu Januari 2016, na ile ya bweni, 70,000, ikafutwa pamoja nayo. Alhamdulillahi. Hata hivyo sare, madaftari, viatu na chakula cha mchana vilibaki juu ya mzazi, na shuleni mtoto hafukuzwi na ada siku hizi, anafukuzwa na aibu ya shati lililochanika. Tena yako matokeo. Mtihani wa kidato cha nne wa mwaka 2012 ulipotangazwa Februari 2013, karibu watahiniwa sita katika kila kumi walipata sifuri, hata Serikali ikaamuru matokeo yapangwe upya. Mdogo mtu alimtazama kaka yake aliyesoma miaka minne akarudi na sifuri, kisha akamtazama jirani aliyeacha kidato cha kwanza na leo ana pikipiki. Tusimwone mjinga kwa hesabu aliyoifanya. Ni hesabu fupi, lakini ni hesabu.

Niseme sasa khabari ya ziwa, kwa sababu hapa ndipo shule na chuo zingeweza kusaidiana na hazisaidiani.

Dagaa wa Tanganyika huvuliwa usiku kwa taa. Zamani ilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za umeme wa jua. Mtumbwi hutoka magharibi, taa huwashwa juu ya maji, dagaa hukusanyika kuifuata nuru, wavu huinuliwa. Kazi hiyo haiwezekani mbalamwezi inapotanda, kwani nuru ya mwezi huwatawanya dagaa wasiijali taa. Kwa hiyo wavuvi hupumzika siku za mwezi mpevu, na hurudi majini giza linaporudi. Huo ndio utaratibu katika mialo yote, Kibirizi, Katonga na kwingineko.

Basi mimi katika chuo changu huandika mahudhurio kwa tarehe za Kiislamu, kama nilivyofundishwa na mwalimu wangu, na jambo limekuwa likijionyesha wazi. Tarehe 13, 14 na 15, siku nyeupe zile tunazofunga sunna, mkeka hujaa wavulana mpaka wengine hukaa mlangoni. Ikifika tarehe 22 hivi huanza kupungua, na mwezi unapoandama mpya utawaona wachache, macho mekundu, wanasinzia juu ya msahafu. Hawa si watoro wa tabia. Wamekesha. Wamevuta kamba usiku kucha na watu wazima, asubuhi wamesaidia kushusha, wamepewa fungu lao la dagaa wakampelekea mama. Daftari la shule huandikwa kwa Januari na Februari, na mwezi wa angani huikata miezi hiyo mahali popote, kwa hiyo mwalimu wa shule haoni mpango wowote ndani yake. Huona vitone vya wino vilivyotapakaa, na chini yake huandika utoro.

Lau mwalimu angeliweka kalenda mbili pamoja, angelijua leo ni nani atakayekosekana wiki ijayo. Angeliweza kuyapanga mazoezi na mitihani ya majaribio katika siku za mwezi mpevu. Sisi chuoni twafanya hivyo: somo jipya huanzwa siku nyeupe, na siku za kiza ni za kudurusu, ili asiyekuwepo asipoteze njia. Haimalizi tatizo lakini wavulana kadhaa wamekhitimu kwa njia hiyo ambao wangelikwisha kata tamaa.

Na mwenye chombo naye ana lake. Sheria inamkataza kumwajiri mtoto kazi ya hatari, na kuvuta wavu usiku katika ziwa lenye kina cha zaidi ya mita 1,400 sijui kama kuna mtu atakayeniambia si hatari. Wenye vyombo wengi wa hapa ni Waislamu, tunasimama nao safu moja. Mwaka 2024 nchi nne zenye ziwa hili, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana kulifunga kwa uvuvi tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaana. Watu walisema hawataweza, na ziwa likafungwa. Ikiwa samaki aliweza kuhurumiwa miezi mitatu, sioni kwa nini mwanafunzi asiweze kukatazwa mtumbwini usiku wa kuamkia shule.

Ila tusimkataze mtoto kabla ya kumtazama mama. Wengi wa wavulana hawa baba yao hayupo, ama amefariki, ama amevuka ng'ambo akaoa huko, na fungu lile la dagaa ndilo linaloliwa. Ukimnyang'anya fungu bila ya kumpa kitu, utakuwa umempeleka shule na njaa ya nyumba nzima mgongoni.

Dini yetu haikuanza leo kulijua jambo hili. Imamu Shafi, aliyezaliwa Gaza mwaka 150 Hijria, alikuwa yatima mikononi mwa mama masikini pale Makka. Mama hakuwa na cha kumlipa mwalimu. Mwalimu akaridhia mtoto akae bure kwa sharti la kuwaangalia wenzake anapotoka, na kijana yule, akikosa karatasi, aliandika juu ya mifupa. Angeliandikwa mtoro kwa kukosa malipo, leo sisi watu wa mwambao mzima tungelifuata madhehebu ya nani? Na Imamu Ghazali, aliyezaliwa Tus mwaka 450 Hijria, alikuwa mtoto wa msokota sufi. Baba yake alipokaribia kufa alimwachia rafiki yake, mtu wa tasawwuf, watoto wawili na vijisenti kidogo. Fedha zilipokwisha yule rafiki hakuwaambia waende wakatafute kazi. Aliwaambia waingie madrasa, kwa kuwa huko mwanafunzi hupewa chakula. Waliingia kwa ajili ya mkate, na kutoka katika mkate ule ikatoka elimu ambayo umma unaisoma baada ya miaka mia tisa. Zilikuwako madrasa za namna hiyo kwa sababu ya wakfu: Nizamiyya ya Baghdad, ambayo Ghazali mwenyewe alikuja kusomesha tangu mwaka 1091, ilikuwa na mali iliyowekwa wakfu kwa posho na malazi ya wanafunzi. Na karibu nasi kabisa, Habib Saleh wa Lamu, mwanzoni mwa karne ya 20, pale Riyadha aliwapokea wageni na masikini kutoka kila upande wa pwani, na aliyekuja hakuulizwa kaja na nini.

Misikiti yetu ya Ujiji ina nyumba za wakfu, na yenu huko Pwani ina mashamba na maduka. Kodi yake inakwenda wapi? Ramadhani tunashindana kufuturisha watu waliokwisha kushiba. Sufuria moja ya uji na maharage saa sita mchana katika shule ya kata iliyo jirani na msikiti ingewafuturisha watoto waliofunga bila ya kunuia. Kamati ya msikiti haihitaji kibali cha mtu kwa hilo zaidi ya kuzungumza na mkuu wa shule. Na vyumba viwili vitatu vya wakfu vikitolewa kwa wasichana wanaotoka vijiji vya mbali, na mama mmoja mtu mzima akawekwa awe nao, geto litapungua bila ya hotuba.

Nimewataja wasichana, na hapa ndipo ninapotaka masheikh wenzangu wanisikilize kabla ya wazazi.

Sheria ya Elimu ilirekebishwa mwaka 2016: kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari, au kumpa mimba, adhabu yake ni kifungo cha miaka 30. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ilikubaliana na hukumu ya Mahakama Kuu ya 2016 kwamba vifungu vya Sheria ya Ndoa ya 1971 vinavyoruhusu binti wa chini ya miaka 18 aolewe vinakwenda kinyume cha Katiba. Hayo ni ya serikali. Lakini nani anayesoma khutuba ya nikahi? Hakimu haji na kanzu nyumbani kwa watu Alkhamisi usiku. Tunakwenda sisi. Tunaambiwa binti kamaliza shule, na jirani anajua kuwa yuko kidato cha pili na sare yake imeanikwa uani. Tunapewa bahasha. Kisha Ijumaa tunasimama mimbarini kulaumu zama. Mimi msimamo wangu ni huu, na nimewaambia wazi watu wa mtaani kwetu: siendi kwenye nikahi mpaka nimeonyeshwa cheti cha kuzaliwa au barua ya mkuu wa shule. Wamekasirika baadhi, wameita mwingine. Na huyo mwingine je, hatuwezi kukubaliana naye? Ujiji si mji mkubwa hivyo.

Wanaosema ndoa ya mapema humwepusha binti na zinaa, niwaulize wanitajie waliowaepusha. Ninaowaona mimi ni wasichana wa miaka 18 wenye watoto wawili na talaka moja, wamerudi kwa mama zao, hawana cheti wala ufundi, na yule mume kavuka kwenda Kalemie au Uvira. Maslaha ya sheria yetu ni kuhifadhi nasaba na akili na heshima. Kipi kilichohifadhiwa hapo?

Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa na mlango ukafungwa. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba walioacha kwa sababu yoyote, ikiwemo mimba, wanaweza kurudi katika shule zile zile, na walioona haya kurudi darasani wana njia ya Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima. Wako waliosema kuwa hilo ni kuhalalisha uchafu. Dhambi ina toba yake na hadi yake katika vitabu vyetu, na sikuona kitabu kilichotaja kunyimwa hesabu na jiografia kuwa ni hadi. Na yule mwanamume, mwenye bodaboda au mwenye duka, yeye nani kamfukuza kazi?

Wasichana waliotumia ruhusa hii katika mitaa yetu ni wachache kuliko walio nyumbani. Nimewauliza baadhi ya mama zao. Hawakuniambia kuwa wanaona haya, wala kwamba mkuu wa shule kakataa. Wameniambia kuwa kitoto hakina wa kukaa naye. Bibi ndiye angelikaa naye, na bibi kuanzia alfajiri yuko Kibirizi, kainama mchangani, anaanika dagaa wa watu kwa ujira wa siku, na siku za kiza ndizo anazopata kazi nyingi zaidi. Mwezi huu nimeanza kuandika majina ya mabibi hao, kwa tarehe za mwezi, katika karatasi za nyuma za daftari lile lile la chuo.